Je, Ndege ya Kivita Iliyoanguka Inastahili Makala Yake? Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Kamusi Elezo

Mwongozo huu unatokana na kosa moja ambalo limejirudia mno kati yetu tunaoandika Wikipedia ya Kiswahili hapa Dodoma. Mchangiaji hupata habari za ndege ya kivita iliyoanguka wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hukesha siku tatu akiiandikia makala safi yenye jamii (yaani makundi ya mada), picha na tanbihi, na kabla wiki haijaisha makala imebandikwa alama ya kufutwa. Akifanyiwa hivyo mara mbili haandiki tena, nasi tunakuwa tumempoteza mtu mwenye bidii.

Kiswahili chake hakikuwa na kasoro, na mara nyingi hata tukio lenyewe ni la kweli. Kasoro ilikuwa katika swali aliloanza nalo. Alijiuliza kama ndege ilianguka na watu wangapi walikufa, ilhali alipaswa kujiuliza ni nani, asiyehusika na ndege hiyo, ameiandika kwa kina, na kwa nini aliona inafaa kutolewa katika kundi la maelfu ya ndege zilizoanguka katika vita hivyo hivyo. Hatua zifuatazo zinalijibu swali hilo kwa utaratibu, na ukizifuata bila papara zitakuchukua jioni mbili.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi kwanza, kwa maana anayeanza kutafuta bila kuwa navyo huishia kuamini ukurasa wa kwanza anaokutana nao.

- Lahajedwali au daftari lenye safu tano: jina la chanzo, mwaka kilipotoka, uhusiano wa mwandishi na tukio, idadi ya aya zinazolihusu tukio, na jambo jipya linalopatikana humo.
- Utambulisho wa tukio: tarehe, mahali, aina ya ndege, namba yake ya usajili wa kijeshi, na kikosi ilichokuwa chini yake.
- Njia ya kufikia magazeti ya zamani na vitabu. Hifadhi ya Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia inasomwa bure, na Internet Archive huazimisha vitabu vingi. Mchangiaji mwenye akaunti iliyotimiza miezi sita, aliyehariri mara 500 au zaidi na angalau mara 10 katika siku 30 zilizopita, anaweza kuingia Maktaba ya Wikipedia, ambako hifadhi nyingi za kulipia hufunguliwa bila malipo. Wengi wetu tumeshatimiza masharti hayo bila kujua.
- Maktaba yenye rafu. Kwa matukio ya Tanganyika, vitabu vya kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 ni bora kuliko kurasa nyingi za mtandaoni.
- Mtu mmoja asiyependa habari za ndege. Sitanii, kazi yake itaonekana katika hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Litaje tukio kwa sentensi moja, kwa neno lake sahihi

Andika sentensi moja yenye tarehe, mahali, aina ya ndege na kilichotokea. Sababu ni kwamba ndege za aina moja zilianguka siku moja katika nchi moja mara nyingi sana, na ukichanganya mbili utakusanya vyanzo vya tukio ambalo halikuwahi kuwapo. Namba ya ndege ndiyo inayookoa hapa. Ndege ya Liberator iliyomuua Jenerali Władysław Sikorski, waziri mkuu wa Poland aliyekuwa uhamishoni, ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Gibraltar tarehe 4 Julai 1943, na namba yake ilikuwa AL523; ukitafuta kwa namba hiyo huwezi kuangukia Liberator nyingine.

Chagua pia kitenzi kwa uangalifu, kwa sababu tafsiri za mashine huita kila kitu ajali. Ndege iliyopigwa na adui imetunguliwa. Iliyopata hitilafu ikajibwaga porini imepata ajali. Rubani akiishusha shambani kwa hiari yake na kutoka mzima, imetua kwa dharura. Ikiondoka na isionekane tena, imetoweka. Makala yenye kichwa cha "Ajali ya ndege" inayohusu ndege iliyotunguliwa kwa makusudi imeshampotosha msomaji kabla hajafika aya ya kwanza.

Tahadhari: ukikuta vyanzo viwili vyenye tarehe zinazotofautiana kwa siku moja, usichague unayoipenda. Mara nyingi kimoja kinahesabu siku ndege ilipoondoka, kingine siku mabaki yalipopatikana. Ziandike zote mbili.

Umefaulu ikiwa mtu asiyejua chochote kuhusu tukio anaweza kuchukua sentensi yako, akaenda kutafuta peke yake, na akarudi na tukio lile lile.

## Hatua ya 2: Pima tukio dhidi ya hasara ya kawaida ya vita

Hatua hii ndiyo inayowauma watu, kwa hiyo nitasema wazi. Wakati wa amani, ndege moja ya kijeshi ikianguka ni habari. Wakati wa vita, kuanguka kwa ndege ni jambo la kila siku. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza askari 55,573 waliokuwa wakiruka katika ndege zake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Anga la Marekani lilipoteza takriban ndege 65,000 kati ya Desemba 1941 na Agosti 1945, na ni kama theluthi moja tu ya hizo zilizopotea katika mapigano ng'ambo. Nyingi nyinginezo ziliharibika mafunzoni, katika safari za kawaida, na viwanjani.

Maana yake ni kwamba ndege ya Lancaster yenye watu saba iliyoondoka usiku kwenda kupiga mji wa Ujerumani na isirudi ni msiba mzito kwa familia saba, lakini kwa kamusi elezo ni jambo lililotokea usiku ule ule kwa Lancaster nyingine kadhaa. Ukiiandikia makala hiyo moja, utashindwa kueleza kwa nini nyingine zimeachwa.

Kwa hiyo andika chini ya sentensi yako jibu la swali hili: tukio hili lina nini ambacho ndege nyingine ya aina hii, mwezi ule ule, haikuwa nacho? Jibu likiwa ni "watu walikufa" au "ilikuwa mara ya mwisho kwa rubani kuruka", hujajibu. Jibu likiwa ni "ilianguka juu ya shule", umeanza kujibu. Tarehe 23 Agosti 1944, Liberator ya Marekani ilianguka katika kijiji cha Freckleton nchini Uingereza wakati wa dhoruba, ikagonga shule, na kati ya watu 61 waliokufa, 38 walikuwa watoto. Hakuna anayeweza kuliita tukio hilo hasara ya kawaida.

Tahadhari: idadi ya vifo peke yake si kipimo. Ndege ya B-25 iliyogonga jengo la Empire State mjini New York tarehe 28 Julai 1945 iliua watu 14, wachache kuliko waliokufa katika ajali nyingi za ndege za uchukuzi za mwaka huo, na bado inaandikwa hadi leo kwa sababu ya mahali ilipogonga.

Umefaulu ikiwa umepata angalau jambo moja la pekee unaloweza kulitaja bila kutumia maneno "kwa bahati mbaya" au "la kusikitisha". Usipolipata usikate tamaa, ila nenda hatua ya tatu ukijua kwamba mzigo wa ushahidi umeongezeka.

## Hatua ya 3: Kusanya vyanzo, kisha vihoji kimoja kimoja

Kanuni ya umaarufu katika Wikipedia, ukiivua maneno mengi, inadai kwamba tukio liwe limeandikwa kwa kina, katika vyanzo vya kuaminika, na watu wasiohusika nalo. Kila neno hapo lina kazi yake, na makala zetu nyingi zimeanguka kwa kukosa moja tu kati ya hayo.

### Swali la kwanza: mwandishi alihusika?

Ripoti ya jeshi kuhusu ndege yake, kitabu cha kumbukumbu za kila siku cha kikosi, na fomu za Wamarekani za ndege zilizotoweka na watu wake ni nyaraka za thamani kubwa. Zitakupa saa ya kuruka, majina na hali ya hewa. Haziwezi, hata hivyo, kuthibitisha kwamba tukio linastahili makala, kwa sababu jeshi liliandika ripoti kwa kila ndege, ikiwamo ile iliyopasuka gurudumu. Tovuti ya wajukuu wa rubani, jarida la chama cha maveterani wa kikosi, na kibao cha ukumbusho kilichowekwa na kijiji viko katika kundi hilo hilo: vitumie kwa maelezo madogo, usivihesabu katika uamuzi.

### Swali la pili: ni kwa kina au ni mstari katika orodha?

Kuna hazina za data zinazoorodhesha kila ndege iliyoanguka tangu zamani, na kuna vitabu vizito vinavyotaja kila hasara ya kila usiku. Mtu akinionyesha vyanzo sita kisha nikakuta vyote sita ni mistari ya majedwali, nimeonyeshwa ushahidi kwamba ndege ilikuwapo, basi. Ndiyo maana lahajedwali yetu inahesabu aya. Mimi hutaka kuona angalau vyanzo viwili visivyotegemeana ambavyo kila kimoja kina aya nne au zaidi za tukio lenyewe. Hicho ni kipimo changu wala si sheria iliyoandikwa popote, lakini tangu tulipoanza kukitumia katika vikao vyetu vya Jumamosi mabishano yamepungua.

### Swali la tatu: ni vyanzo vingapi kwa kweli?

Magazeti ya wakati wa vita yalichapisha taarifa moja ya shirika la habari, neno kwa neno, katika miji ishirini. Ukizikuta nakala ishirini, una chanzo kimoja. Linganisha sentensi ya kwanza na ya mwisho. Zikifanana, ziunganishe katika mstari mmoja wa lahajedwali bila huruma.

### Swali la nne: waliendelea kuandika?

Habari ya siku tatu hufifia. Tukio linalostahili makala hurudiwa na waandishi wapya, wenye maswali mapya, baada ya miaka. Mfano wa jirani ni kuanguka kwa ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, wakati wa mgogoro wa Kongo. Ndege hiyo haikuwa ya jeshi, lakini inafundisha vizuri: zaidi ya nusu karne baadaye Umoja wa Mataifa ulifungua tena uchunguzi na kumkabidhi kazi hiyo Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Tukio linaloendelea kuchunguzwa kwa namna hiyo halihitaji mtetezi.

Upande wa ndege za kijeshi, angalia ile ya mabomu iliyoitwa Lady Be Good. Ilipotea tarehe 4 Aprili 1943 ikitoka kupiga Naples, ikaipita kambi yake nchini Libya gizani na kuingia Sahara. Kwa miaka 15 ilikuwa moja tu ya ndege zilizotoweka, na mtu aliyeamua mwaka 1950 kwamba haistahili makala angekuwa sahihi. Mwaka 1958 watafutaji wa mafuta waliyaona mabaki yake jangwani, na mwaka 1960 yakapatikana mabaki ya miili minane kati ya tisa, pamoja na shajara iliyoandikwa na mmoja wao wakati wakitembea bila maji. Uamuzi wako wa leo, kwa hiyo, unahusu vyanzo vilivyopo leo.

### Tatizo la habari zilizozuiwa

Hapa ndipo mchangiaji mwerevu anaponyanyua mkono na kusema kwamba wakati wa vita serikali zilizuia habari, kwa hiyo kukosekana kwa magazeti hakuthibitishi chochote. Ana haki. Tarehe 14 Juni 1943, B-17 iliyokuwa ikiwarudisha askari wa Marekani New Guinea kutoka mapumzikoni ilianguka Bakers Creek, karibu na mji wa Mackay, Queensland. Watu 40 kati ya 41 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi nchini Australia, lakini udhibiti wa vita uliifanya isisemwe hadharani kwa miaka mingi.

Ukimya wa 1943 hauhukumu tukio. Unachopaswa kutafuta ni kilichoandikwa baada ya mlango kufunguliwa. Ikiwa nyaraka zimekuwa wazi kwa miongo kadhaa na bado hakuna mwanahistoria wala mwandishi wa habari aliyejishughulisha nazo, udhibiti wa habari hauwezi kuendelea kuwa kisingizio.

Umefaulu ikiwa lahajedwali yako ina mistari michache kuliko ulivyotarajia, na unaweza kueleza kwa nini kila mstari umebaki.

## Simulizi za wazee na vipande vya bati

Hili si hatua, lakini katika mikoa yetu linajitokeza mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuliruka.

Mwenzetu mmoja alikwenda likizo Mpwapwa na mzee wa jirani akamwonyesha kipande cha bati jepesi, kirefu kama mkono, chenye mstari wa ribiti (misumari ya kuunganishia bati) ukingoni, ambacho nyumbani kwake kilitumika kufunikia mtungi. "Hiki ni cha ndege ya vita vya Mjerumani, mjukuu wangu," alimwambia. "Babu yangu aliiona ikianguka." Kijana akarudi Dodoma na picha kumi za bati na rasimu ya makala.

Vita hivyo, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilifika kwetu kweli: majeshi ya upande wa Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na ndege za Uingereza zilitumika katika kampeni ile. Lakini ndege za aina ya BE2c zilizotumika wakati huo zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mbao, nyaya na kitambaa. Bati pana lililopigwa ribiti hivyo lina dalili zote za kitu cha miaka ya baadaye, na pengine hata si cha ndege. Hilo halikuonyesha kwamba babu wa mzee hakuona kitu. Lilionyesha kwamba kipande na simulizi havishikani, kwa hiyo kimoja hakiwezi kumshuhudia mwenzake.

Utaratibu tunaoutumia sasa ni huu: msalimu mzee, msikilize mpaka mwisho, andika alichosema, siku aliyosema na alivyopata kukijua, piga picha kifaa pamoja na rula, na umwachie mwenyewe kifaa chake. Simulizi hiyo inakuelekeza mahali pa kutafuta, lakini haihesabiwi katika uamuzi hadi mtafiti aikusanye na kuichapisha.

## Hatua ya 4: Tafuta kilichobadilika baada ya ndege kuanguka

Vyanzo vikitosha, utaona kwamba karibu kila mara vinazungumzia matokeo kuliko ndege. Tarehe 13 Agosti 1940 ndege ya Hudson ya jeshi la anga la Australia ilianguka karibu na Canberra na kuua watu kumi, wakiwamo mawaziri watatu na mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Serikali ya waziri mkuu Robert Menzies ilipoteza nguzo zake, na mwaka uliofuata Menzies alijiuzulu. Kwa jirani zetu mfano hauhitaji maelezo: ndege iliyowachukua marais wa Rwanda na Burundi kutoka mkutano wa Dar es Salaam tarehe 6 Aprili 1994 ilitunguliwa ikikaribia Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza.

Tahadhari kuhusu abiria mashuhuri. Mtu maarufu akifa ndani ya ndege, makala haizaliwi papo hapo. Joseph Kennedy, kaka mkubwa wa John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikufa tarehe 12 Agosti 1944 Liberator iliyojazwa mabomu ilipolipuka hewani nchini Uingereza. Habari hiyo inakaa vizuri katika makala ya maisha yake na katika makala ya mradi ule wa ndege zilizogeuzwa mabomu. Kifo cha Admirali Yamamoto, kamanda wa meli za kivita za Japani, aliyetunguliwa juu ya kisiwa cha Bougainville tarehe 18 Aprili 1943, kina makala kwa sababu Wamarekani walivunja msimbo wa Wajapani, wakajua ratiba ya safari yake na kupeleka ndege kumvizia; hapo makala ni ya operesheni nzima, na ndege aliyopanda ni sehemu yake ndogo.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja badiliko moja, la sheria, la siasa, la mbinu za vita au la maisha ya mji fulani, na chanzo kinacholihusisha na tukio. Ukilihusisha mwenyewe kwa kukisia, umefanya utafiti wako binafsi, na Wikipedia haichapishi huo.

## Hatua ya 5: Chagua nyumba ya habari

Wengi hudhani kuna njia mbili tu, makala au pipa la taka. Zipo nne: makala yake yenyewe, sehemu ndani ya makala kubwa zaidi, mstari katika orodha, au kusubiri.

Nyumba ya pili ndiyo inayofaa mara nyingi zaidi, na mfano ninaoupenda uko kwetu Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, John Cull na Harwood Arnold waliruka juu ya delta kuzielekeza kwa redio meli za Waingereza, Severn na Mersey, zilipokuwa zikiipiga meli ya Kijerumani Königsberg. Ndege yao ilipigwa, na wakati ikishuka Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha. Waliangukia mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey, na Königsberg ikaangamizwa siku hiyo hiyo.

Kisa hicho ni kitamu, kina vyanzo vizuri, na kinapita vipimo vingi hapo juu. Hata hivyo, ningekataa kukiandikia makala ya peke yake. Ukikitenga na mapigano ya delta ya Rufiji kinapoteza maana, kwa sababu msomaji atahitaji kuelezwa Königsberg ilifikaje mtoni, kwa nini zilihitajika meli zinazoweza kupita katika maji ya kina kifupi, na kwa nini wapigaji hawakuiona shabaha yao. Ukishayaeleza hayo yote umeandika makala ya mapigano. Kiweke humo kama sehemu yenye kichwa chake, kisha tengeneza ukurasa wa kuelekeza ili anayemtafuta Cull afike mahali sahihi.

Katika Kiswahili tunakumbana na tatizo jingine: makala kubwa mara nyingi haipo, au ni mbegu ya sentensi mbili. Basi andika hiyo kwanza. Anayetaka kuandika kuhusu ndege moja iliyopotea katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 atasaidia zaidi akiandika aya sita nzuri kuhusu vita vya angani kwa ujumla, kisha aone kama ile ndege moja bado inaomba chumba chake.

Umefaulu ikiwa umeitaja nyumba kwa jina la ukurasa, na umeufungua kuona kama upo.

## Hatua ya 6: Andika utetezi kabla ya makala

Ukiamua kwamba tukio linastahili makala yake, weka hoja katika ukurasa wa majadiliano kabla ya kuandika aya ya kwanza. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia mwenye uwezo wa kufuta makala, akiukuta utetezi uliopangwa, atajibu hoja; akikuta makala tupu, ataamua kwa macho. Utetezi mzuri una sura hii:

> Ninapendekeza makala kuhusu kuanguka kwa B-17 huko Bakers Creek, Queensland, tarehe 14 Juni 1943. Watu 40 kati ya 41 walifariki, na hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi nchini Australia. Habari zilizuiwa wakati wa vita, kwa hiyo ninategemea vitabu na magazeti ya miongo ya baadaye, yaliyoandikwa na watu wasiohusika. Nimeviorodhesha hapa chini pamoja na idadi ya aya katika kila kimoja. Haitoshei katika makala ya Mackay, kwa sababu maelezo ya udhibiti wa habari na ya jitihada za baadaye za kuwatafuta ndugu wa marehemu yangeifunika makala ya mji.

Sasa mpe utetezi huo yule mtu asiyependa ndege. Usimweleze chochote. Mwache asome, kisha mwulize kwa nini tukio hili na si jingine. Kwetu kazi hii hufanywa na dada mmoja mhasibu ambaye kwake B-17 na B-25 ni namba za vyumba, na hakuna utetezi dhaifu uliowahi kumpita.

Tahadhari: usiandike kwamba makala ipo katika Wikipedia ya Kiingereza. Kila Wikipedia huamua mambo yake, na makala ya Kiingereza yenyewe inaweza kuwa inangoja kufutwa. Chukua tanbihi zake, zisome mwenyewe, uzipitishe katika hatua ya tatu kama vyanzo vingine vyovyote.

## Ukifutiwa, au ukiamua kusubiri

Omba rasimu irudishwe katika ukurasa wako wa mtumiaji, kwani wakabidhi kwa kawaida hukubali ombi la adabu. Usiianzishe upya kwa kichwa kingine. Hilo hugunduliwa ndani ya saa chache na huharibu jina lako kuliko makala.

Lahajedwali ihifadhi na uiandikie tarehe ya kurudi, kwa mfano baada ya mwaka mmoja. Utakaporudi, tafuta vyanzo vilivyotoka tangu siku hiyo pekee, usirudie vile vya zamani kwa matumaini kwamba vimenenepa. Ya bati la Mpwapwa tumeiandikia Julai ijayo. Mpaka sasa ina mstari mmoja, na safu ya idadi ya aya ina sifuri. Lakini kijana aliyeileta ameandika, katika makala ya Mpwapwa, sehemu nzima kuhusu vita vya 1916, yenye vyanzo vitatu na bila ndege hata moja.